Tarehe Moja Januari

Parafujo kumi. Mbili ndefu, nane fupi.
Nazipanga kwenye kisahani cha chai jinsi zilivyotoka,
maana mashine hii, kama shangazi Eluned mwenyewe,
haimsahau aliyeichanganyia vitu vyake.

Nje, Blaenau inanyeshewa, kama kawaida yake.
Maji yanateleza juu ya mapaa ya mawe,
yanateleza juu ya vilima vya mabaki ya machimbo
babu zetu walikochonga vigae hadi vifua vikajaa vumbi.
Ndani, betri nimeichomoa, na diski ya zamani
imelala kiganjani mwangu, nzito, bubu.
Wiki tatu ilikuwa ikilia: tiki, tiki, kimya.
"Nilidhani ni saa ya ukutani," anasema.

Akiba haiozi, nilimwambia miaka nenda miaka rudi,
weka nakala, shangazi, weka hata kwenye flashi.
Akaitikia ndiyo. Akaendelea kuandika
mihutasari ya kwaya, madeni ya maziwa,
barua kwa halmashauri kuhusu bomba la barabara ya juu,
yote juu ya sahani moja iliyozunguka mpaka ikachoka.

Diski mpya haizunguki. Nyembamba, nyepesi,
utadhani umeuziwa kasha tupu.
Anaigonga kwa ukucha, kama mumewe Tegwyn
alivyokuwa akigonga jiwe kusikiliza ufa.
"Haina mlio. Utajuaje kama ni nzima?"
Sina jibu. Naisukuma mpaka inashika.

Flashi ubavuni, kitufe chini, na kioo kinaanza
maswali ya afisa wa mpakani:
Lugha gani? Uko wapi? Unaitwa nani?
Orodha ya lugha inateremka kama ngazi za machimbo,
naye ananikamata mkono: "Simama. Hiyo hapo. Yetu."
Na kweli, mfumo unaanza kusema Kiwelshi,
Kiwelshi safi, cha watu waliosoma,
hadi ukurasa wa nne, ambapo mfasiri, sijui nani,
sijui usiku gani, alichoka akaenda kulala,
na kitufe cha kuendelea kikabaki Kiingereza.
Anacheka mpaka anakohoa.
"Basi huyo ni wa huku huku."

Je, nifute kila kilichomo?
Hakuna kilichomo. Hata hivyo kidole kinasita.
"Futa, Meilir. Nyumba tupu haiogopi ufagio."

Asilimia kumi. Thelathini na moja. Sitini na nne.
Sitini na nne, na chai inapoa,
na sitini na nne. Ananiuliza kama nimeikosea adabu.
Mara inaruka hadi tisini, bila kuomba radhi.

Inawaka. Anga la buluu, pipa la taka tupu,
na chini, pembeni, saa:
tarehe moja Januari, elfu mbili na kumi na mbili.
Betri ndogo ya saa ilishakufa, namweleza;
nilipochomoa ile kubwa, mashine ikapoteza hesabu,
ikarudi ilikozaliwa. Nikiunganisha mtandao
itajirekebisha kufumba na kufumbua.
Nanyoosha mkono. Anauzuia.

"Siku hiyo," anasema, "Tegwyn alikuwa na mafua.
Tulidhani ni mafua."

Tunakaa. Feni inapumua.
Kisha anavuta kiti, anafungua ukurasa mweupe,
na kwa vidole viwili anaandika:
maziwa, chupa mbili, hayajalipiwa.
Anahifadhi. Anaitazama tarehe ya faili
kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe.
"Haya. Sasa unganisha."

Saa inaruka miaka yote ile bila kujikwaa.
Masasisho mia moja na kumi na saba yanaanza kushuka,
mvua juu ya mvua, na yeye anakwenda kuchemsha maji mengine.
Nami nafunga kifuniko, nakaza, nahesabu, nahesabu tena.
Kisahanini imebaki parafujo moja, fupi,
ambayo naapa haikutoka humu.