Milimita Tatu

Taisto anachomeka sarafu kwenye kashata ya tairi yangu,
anainamisha kichwa, anafumba jicho moja
kama sonara apimaye pete ya mtu asiyemwamini.
"Tatu," anasema. "Na hiyo ni kwa kuwa nakuonea huruma."

Gereji yake iko nyuma ya kanisa la mbao, hapa Kuhmo,
inanuka mpira mpya, grisi, na kahawa iliyoungua.
Ni wiki ya pili ya Oktoba. Ziwa bado lina mawimbi.
Naulizia bei ya mbili tu.

"Mbili?" Anafuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono.
"Helka, ulishaona farasi aliyepigiliwa viatu vya mbele peke yake?
Za mbele zitashika, za nyuma zitataka kukupita,
utaingia msituni ukitazama ulikotoka."

Basi nne. Lakini zipi?
Kuna za misumari, meno ya chuma yanayong'ata barafu tupu.
Kuna zile laini, zisizo na msumari hata mmoja,
mpira wake una vitundu vya kufyonza maji,
tulivu, hazipigi kelele, zinaipenda theluji kavu;
ila kwenye barafu iliyolowa, ile ing'aayo kama kioo,
Taisto anatikisa kiganja: hivi, na hivi.

"Unaendesha wapi?"
Swali pekee la maana siku nzima.

Namtajia. Jumatatu kwa Eevertti, kidonda cha mguu.
Jumanne kwa wale ndugu wawili wasiosemezana,
ninaowapima presha vyumba tofauti.
Alhamisi kwa Lempi, kumpangia dawa za juma zima:
kilomita kumi na nane za changarawe,
na trekta la theluji hufika huko mwisho, saa nne, likifika.

Mwaka jana nilikwenda na tairi kipara.
Pesa zilikuwa zimeishia kwenye meno ya mwanangu.
Nilijiambia, mwenda pole hajikwai.
Aliyesema hivyo hakuwahi kushuka mteremko wa Lempi
siku ambayo mvua inaganda ikigusa ardhi.

Kuteleza si kuanguka, husema watu wakikufariji.
Ni kweli. Anayeanguka humaliza.
Mimi niliteleza muda wa kutosha
kukumbuka kwamba sikuzima jiko,
kuliona sanduku la posta likinijia, la buluu,
herufi moja ya jina imefutika,
kukanyaga breki na kuisikia ikitetemeka chini ya kiatu,
na gari lisijali.

Sanduku lilivunjika. Mimi sikuvunjika.
Lempi alitoka na soksi za sufu, akaziangalia tairi,
hakuniangalia mimi.
"Marehemu Yrjö," alisema,
"alikuwa akinunua tairi kabla ya kununua nyama."
Kisha akanimiminia kahawa, sukari tatu, bila kuniuliza.

"Misumari," namwambia Taisto.
Ananigeuzia ubavu wa tairi, tarakimu nne: wiki, na mwaka.
"Mpira huzeeka hata ukilala stoo,
hugeuka mgumu kama mkate wa juzi.
Usikubali kuuziwa iliyolala miaka sita, hata kwa bei ya bure."
Nalipa kwa mafungu matatu.

Jeki inashuka. Natoka.
Lami kavu, jua hafifu, misumari inachachatika
kama mchele unaomwagwa kwenye sinia.
Muuza samaki ananipigia kelele kutoka mlangoni:
"Helka, theluji umeificha wapi?"

Tarehe tatu Novemba, kabla hakujapambazuka, digrii sifuri,
ambayo ni mbaya kuliko ishirini chini yake.
Uwanja wa kanisa mtupu. Naongeza mwendo.
Nakanyaga.
Gari linapiga magoti, linasimama.

Nashuka na tochi. Nyuma yangu, kwenye barafu,
mistari miwili ya vitundu vidogo,
mshono wa mtu asiye na haraka.

Ni Alhamisi.
Sanduku jipya la Lempi, nililolinunua mimi, ni jekundu.
Nitalipita polepole, hata hivyo.