Pete ya Sitini na Sita

Nilikuwa mshika mnyororo wa Lieven Cauwe
miaka kumi na minne, tope la Zeeland likinifika magotini.
Yeye alishika kitabu. Mimi nilishika ncha ya mbali,
kule upepo unakoanzia.
Sikujua kusoma. Nilijua kusimama wima kama kigingi
na kusubiri mkono wake ushuke.

Babake alioka mikate mjini Gent.
Hisabati aliianzia kwenye unga:
alichora duara mezani kwa kidole,
akaligawa, akazabwa kofi, akaligawa tena.
Usiku Wahispania walipoingia, walikimbia na tanuri lingali na moto.
Uzeeni aliusikitikia mkate ule kuliko nyumba.

Majemadari walitaka kuta.
Kuta ndefu za kale, aliwaambia, ni kifua wazi mbele ya mzinga.
Ukuta wetu utalala chini, mnene, kama ng'ombe anayecheua,
nao utakuwa na pembe tano, kila pembe ikichunga ubavu wa jirani,
isibaki hata shubiri moja ya ardhi
ambapo adui atachuchumaa amalize kitunguu chake.
"Kitunguu?" nikauliza.
"Anayetafuna," akasema, "hajafa bado."

Mnyororo ulikuwa na pete sitini na sita.
Mwezi wa Machi, barafu ikiwa bado mferejini,
ulinaswa kwenye lango la maji. Nikauvuta. Pete moja ikakatika.
Mhunzi alitaka ujira wa siku nzima,
na ujira wa siku ile nilikwisha kuunywa.
Nikaunganisha ncha mbili kwa koleo, nikafuta kutu, nikanyamaza.

Ndipo umbo likakataa kufunga.
Upande uliopimwa kabla ya Machi na upande uliopimwa baadaye
walikuwa kama ndugu waliogombania urithi.
Alikesha. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza hadi jogoo la kwanza.
Akayarudia majedwali yote ya pembe, safu kwa safu,
akaishutumu dira, akayashutumu macho yake,
akaenda Middelburg kununua miwani.
Mimi hakunishutumu.
Nani humshuku mtu ambaye kazi yake ni kusimama?

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi ukuta tuliujenga,
ufa nilikuwa nimeubeba begani.

Mwaka wa kuzingirwa, kapteni alimuuliza:
tukifungua malango, maji yatachukua muda gani kuzima mashamba?
Akapiga hesabu nyuma ya barua.
"Saa thelathini na moja," akajibu,
"pamoja na kabichi za mama yangu."
Yalichukua thelathini.
Mama alikuja kwa mtumbwi, bata bukini mapajani,
hakumsemesha mpaka Krismasi.

Siku sabini ngome ilisimama.
Lakini chini ya pembe ya tatu, pale ukuta ulipoishia mapema,
palikuwa na kivuli kisichofikiwa na risasi.
Walichimba humo usiku, watatu au wanne,
wakatega baruti. Vijana wetu kumi na mmoja
walizikwa na matofali yao wenyewe.

Adui alipoondoka, Cauwe alishuka handakini peke yake.
Nilimwona akiinama, akiokota kitu,
akikigeuzageuza kwenye mwanga.
Yalikuwa maganda ya kitunguu.
Aliyatia mfukoni kama mtu anayeweka risiti.

Hakuuawa na mzinga. Homa ya kinamasi ilimchukua Oktoba,
shuka limejaa nambari alizoziandika kwa ukucha.

Leo Machteld, bintiye, amekuja zizini kwangu
na kile kitabu kwapani. Anataka kukichapisha,
lakini ukurasa wa arobaini, anasema, una kosa asilolipata.
Nikamfungua ng'ombe. Nikampa kile nilichomfungia.

Aliketi juu ya ndoo.
Akahesabu kwa sauti, kidole gumba kikiruka pete kwa pete,
wala hakuharakisha.
Sitini na nne. Sitini na tano.
Kidole kikaenda mbele,
kikabaki hewani.