Majike Waliozaa Mara Mbili

Pongwe, saa tatu na robo. Vumbi la chokaa
limeshatua kwenye viatu nilivyovipiga kiwi usiku.
Duara la kamba ya mkonge, mbuzi tisa,
wote vibete, wote tumbo pipa,
mrefu wao hanipiti goti.

Kamati imenipa kalamu, karatasi
na chupa ya maji yaliyokwisha kuchemshwa na jua.
"Bwana Jaji," wananiita.
Miaka ishirini na sita nilisimamia josho,
nikinuka dawa ya kupe hadi kwenye harusi yangu,
hakuna aliyeniita bwana.

Hukumu ya mbuzi huanzia mbali.
Waache wapite. Tazama nani anakanyaga kwa ncha,
nani mgongo umebonyea
kama kitanda cha kamba cha nyumba yenye watoto wengi.
Kisha sogea, uyafumbe macho kidogo,
mkono uone.

Namba mbili, wa Bwana Shekalaghe,
amepakwa mafuta ya nazi mpaka kwato.
Kiwele kimewambwa kama ngoma iliyoota moto.
Watu wakaguna kwa kumtamani.
"Mkamue," nikasema.
"Sasa hivi?"
"Sasa hivi."
Akakamua, jasho likimtoka yeye si mbuzi,
bakuli likajaa nusu, na kiwele
kikabaki vilevile: nyama.
Tangu jana alasiri hakumgusa, nilijua.
Na yeye alijua kwamba nimejua,
akaanza kusifia hali ya hewa.

Namba saba kaletwa na mtoto wa kike
mwenye kiatu kimoja cha kamba, kingine cha bakoli.
"Mbuzi wako anaitwaje?"
"Hayakuhusu."
Nikamtazama.
"Ndilo jina lake," akasema. "Bibi alimpa."
Watu wakacheka, nami nikacheka,
mbuzi akageuka kwa kusikia anaitwa.

Hayakuhusu! Mbavu zimeachana vizuri,
kidole kinalala katikati yake bila kubanwa.
Miguu ya nyuma imesimama kama nguzo za mlango.
Akakamuliwa: bakuli, na bakuli tena,
na kiwele kikanywea
kama pochi ya tarehe ishirini na nane.
Utepe mwekundu ulikuwa mfukoni mwangu.
Niliushika.

Ndipo kidole, kwa mazoea tu,
kikapita nyuma ya chuchu ya kushoto
kikakuta punje. Kama ya kunde.
Nikaibinya, ikatoa maziwa.

Ukurasa wa kumi na moja: chuchu ya ziada, nje.
Ukurasa huo niliuandika mimi,
Raskazoni, chini ya feni, nikila biskuti za kamati.
Siuonei haya. Kasoro hiyo hurithiwa,
na chuchu kama ile hupata ugonjwa kimyakimya.
Sheria ni nzuri.
Nilikuwa nayo mkononi na ilikuwa na joto.

"Hii umeiona?"
"Ndiyo," akasema, bila kushtuka.
"Mbili zetu. Hiyo ya paka."

Utepe ukaenda kwa namba tano,
mbuzi asiye na kosa wala la kusimulia.
Mwenyewe, Bi Mejumaa, alidhani namwonyesha njia ya kutokea,
akaanza kuondoka, ikabidi arudishwe kwa kushikwa mkono.

"Kwa hiyo si mbuzi wa maziwa?"
Mtoto alikuwa bado amesimama.
"Ni wa maziwa. Si wa maonyesho."
Akalipima jibu hilo kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Nikuandike nani?"
"Tatu."

Nikaandika: namba saba, mmiliki Tatu,
ametolewa, chuchu ya tatu.
Nikalisoma. Nikatafuta neno jingine,
lugha nzima, sikulipata.

Usiku nilinawa kwa sabuni ya kipande, mara mbili.
Kidole cha shahada
kilikuwa bado kinanata.