Ukurasa wa Sitini na Mbili

Katibu wa parokia anakileta kitabu mikononi kama mtoto mgonjwa.
"Usilambe kidole ukifungua," anasema. "Mate yanakula karatasi."
Kamuli, saa nne asubuhi, mvua imeshika mabati,
nami nimekuja na penseli, na soda, na jina moja.

Padri aliyeandika alitoka nchi ya baridi.
Herufi zake zimelala upande kama mtama uliopigwa na upepo,
na sikio lake halikutenga L na R,
ndiyo maana ukoo wetu una tahajia tatu katika kurasa nne,
na wale jirani tunaogombana nao mpaka wa shamba
pengine ni herufi moja tu iliyoteleza.

Najifunza kusoma polepole.
Shahidi: Yozefu Mugoya. Shahidi: Yozefu Mugoya.
Ndoa thelathini na moja, shahidi yule yule.
Nilidhani alikuwa rafiki wa kila mtu. Kumbe katekista,
aliyekaa karibu na mlango na kujua kushika kalamu.
Baba wa bibi harusi: *paganus*,
neno moja la Kilatini kwa mzee aliyekuwa na Mungu wake
nyuma ya nyumba, chini ya kipaa cha nyasi,
akimlisha kila mwezi ulipoandama.
Mama wa bibi harusi: *ignota*. Hajulikani.
Hajulikani! Naye, nadhani, alisimama uani siku ile
na kapu la wimbi kichwani, akingoja kuambiwa imekwisha.

Umri wa bwana, 24. Wa bibi, 20.
Hakuna aliyehesabu. Padri alitazama mabega akakadiria,
kama mnunuzi wa pamba.
Pembeni, kwa penseli, kuna "4" na mkia wa herufi:
ng'ombe wanne, au shilingi nne za misa?
Hapo naweka alama ya kuuliza, napita.

Halafu jina.
Perepetua.

Bibi yangu alikuwa Felisita.
Felisita kwenye ubatizo, Felisita kwenye kadi ya kliniki.
Perepetua ni dada yake mkubwa,
yule asiye na picha wala kaburi,
ambaye akitajwa, watu wazima ghafla
hukumbuka chungu kilicho jikoni.

Nageuza kitabu kwenye mwanga wa dirisha.
Safu ya mwisho: sahihi ya bwana, inatetemeka;
na ya bibi, gumba, wino wa zambarau uliogeuka kahawia.
Na katikati ya gumba, kona hadi kona,
mstari mweupe uliokataa wino.

Naujua mstari huo.
Ulinipita shavuni kila nilipokuwa na homa,
kovu la kisu cha kumenyea matoke,
gumu kama uzi wa katani.

Sasa nisome nini?
Kwamba mmoja alikimbia usiku, na ng'ombe walikwisha kugawanywa;
kwamba mwingine alivishwa gauni lililopimwa mwilini mwa dada,
na padri akauliza, "Perepetua, wakubali?"
na msichana wa miaka kumi na mitano akaitikia jina lisilo lake?
Au padri alichoka tu, Jumamosi ile ya ndoa tisa,
akanakili jina la matangazo bila kuinua macho.
Daftari halisemi. Daftari hujibu liliulizwalo,
na hakuna safu iliyouliza hilo.

Simu inaita. Fundi wa makaburi, kule karibu na stendi.
Saruji inakauka, asema, niandike jina gani?
Kaka yangu anataka liende na cheti, kwa ajili ya shamba.
Katibu anatazama saa, kisha kitabu, kisha mimi.
Namwambia fundi: andika mwaka. Andika ukoo,
kwa L, au kwa R, utakavyo.
Pa jina paache kwanza,
padogo tu,
upana wa gumba.