Ukuta Mwembamba

Ya kwanza ilikufa kwa kahawa.
Ya pili ilianza kumeza herufi ä,
na Kifini bila ä ni kinywa chenye mapengo.
Ya tatu sikumbuki kosa lake. Euro tisa,
rafu ya chini dukani, kati ya betri na soksi.
Kuichapa ni kama kubonyeza unga uliokandwa:
kidole kinazama, hakijui kimefika wapi.

Miaka kumi na minne juu ya unga huo
nimetafsiri maelekezo ya mashine za kufulia.

Kisha Februari, theluji imepanda hadi dirishani,
tarishi akaniletea sanduku kutoka Taiwan,
zito kama tofali.
Ndani yake kila herufi ina springi yake,
ina kina chake, ina neno lake la kusema.
Niligusa K. K ikaitika.
Nikaandika: *Usifue sufu kwa maji ya moto,*
na kwa mara ya kwanza nikaiamini sentensi hiyo.

Hapa Hervanta kuta ni nyembamba.
Jirani yangu, Bi Rauha Lehtovaara,
alishona ngozi za viatu kiwandani miaka thelathini;
magoti yamemtupa mkono, masikio bado.
Siku ya nne akagonga mlango.
Nilikuwa nimeshaandaa radhi,
na soksi mbili za kutandika chini ya kibodi.

"Mchana," akasema, "unakwenda vizuri,
kama mashine yangu, nambari kumi na saba.
Lakini saa nne usiku unapiga mishono miwili mitatu,
halafu kinaingia kile chenye sauti nzito,
hichohicho kimoja, ta, ta, ta, ta, ta.
Unafumua nini?"

Sikumjibu. Nilimpa kahawa.

Ni barua kwa kaka yangu, kule Oulu.
Miaka sita haijavuka "Mpendwa Ilmari".
Kwenye ile ya euro tisa nilifuta kimyakimya,
hata mwenyewe sikujisikia.

Msidhani nimeimaliza.
Jana nilifika "Mpendwa Ilmari, lile shamba la baba",
nikasita, kidole juu ya kitufe cha kufutia.
Soksi ziko kabatini.
Ng'ambo ya ukuta nikasikia kiti kikivutwa,
na mtu akiketi.