Namba Arubaini na Moja

Jarida limefika Jumanne, limelowa pembeni,
na Kilvarroch, uwanja wetu, umeporomoka
toka thelathini na nane hadi arubaini na moja.

Chai haijapoa, simu inalia.
Ni Innes, fundi mabomba wa Dundee.
Hatujasemezana tangu Machi,
tangu siku ile tuliyoshusha jeneza la Lachlan
na kila mmoja akashika njia yake, kola juu, mvua shingoni.
"Umeona?" Hana hata salamu.
Nimeona.
"Hao majaji wana macho, au vifungo vya koti?"

Basi akaanza, nami nikamwacha aende:
shimo la sita, pale upepo unapokurudishia mpira
kama mdeni aliyeona haya;
la kumi na moja, kondoo wa Bwana Gow wamelala njiani
na sheria za gofu hazisemi lolote juu ya usingizi;
la kumi na saba, bahari mkono wa kulia
imemeza mipira yetu miaka ishirini na sita
bila kutoa risiti.
"Hiyo ni namba ngapi? Niambie, ni namba ngapi?"

Wanenao kizuri chajiuza hawajafika kule.
Kule kizuri kimejibanza nyuma ya zizi,
hakina kibao, na barabara yake ni ya gari moja.
Bila orodha ya mtu fulani
tusingejua pa kwenda Mei ile ya kwanza,
wageni wanne tuliopangwa pamoja na karani aliyechoka,
na kufikia shimo la tatu tunabishana
kama watu wa tumbo moja.

Lachlan alikuwa na orodha yake, daftari la shule,
safu tatu: nyasi, upepo, supu.
Fenella, mwalimu wa hesabu, alikataa kuijumlisha.
Viwanja mia moja na vinne, kufuta na kupandisha,
na Kilvarroch, akishinda, ulikuwa wa tano;
akifungwa, wa tisini, kwa wino mwekundu.
Mjane wake alinipa mimi. Sijui kwa nini mimi.
Nimelifungua mara moja tu, jikoni, nimesimama.
Namba moja ni uwanja wa Tasmania
ambao hakuna kati yetu aliyeukanyaga.
Pembeni ameandika: nimeambiwa.

Simu kimya. Nasikia Innes anapenga kamasi,
au ni birika lake.
"Arubaini na moja," anasema, polepole sasa,
kama anayetaja umri wa mtoto.

Kisha: "Jumamosi, saa tatu. Fenella nimeshamwambia,
analeta gari. Mvua isiwe kisingizio.
Na lile daftari, usiliache.
Namba kumi na mbili nina neno nayo."