Futi ya Kupimia

Kila mtu Kamalondo ana upande.
Ukienda kununua mkate unaulizwa kwanza:
wewe ni wa Mwinkeu au wa Kaumba?
Ukikosea, unapewa wa jana.

Mimi nilisema sina upande, nina cherehani.
Nusu ya ukweli.
Wote wawili niliwapima kwa futi hii hii
iliyofutika namba kati ya thelathini na arobaini,
Mwinkeu Jumanne, Kaumba Alhamisi,
wasije wakagongana mlangoni.

Mwinkeu aliimba kwamba Kaumba
ana sauti ya mbuzi aliyemeza msumari.
Kaumba akajibu: afadhali mbuzi,
kuliko jogoo wa Katuba anayewika saa sita mchana.
Mji ukacheka mwaka mzima.
Ndugu wawili, tumbo moja, waligawana redio:
mmoja akabaki na betri.
Na kila aliyenijia aliuliza lile lile,
akitazama pembeni, kama anayeuliza bei ya kitu asichokitaka:
"Yule mwingine, umemshonea rangi gani?"

Kisha, mwaka ule wa mvua nyingi,
kiuno cha Mwinkeu kikaanza kunitoroka.
Themanini na nane.
Themanini na mbili.
Sabini na tano.
"Futi yako imevutika, fundi," akasema.
Nikasema ndiyo, ni joto.

Usiku mmoja, umeme umekatika,
Kaumba akabisha. Haikuwa Alhamisi.
Bila miwani yake ya dhahabu alikuwa mtu tu,
viatu vimejaa udongo mwekundu.
Akaweka noti mezani, na mkono juu ya noti.
"Lile koti lake la tarehe thelathini,
weka sponji mabegani. Na mgongoni.
Batu basione."
Nikamuuliza nani kamwambia.
"Nimemsikia redioni. Zamani alikuwa anavuta neno moja
mpaka kule kwenye bomba la kiwanda.
Sasa anameza pumzi katikati.
Miaka kumi na tisa namsikiliza huyu.
Hakuna anayemsikiliza kama mimi.
Hata mke wake."

Nilishona hadi alfajiri kwa taa ya simu.

Tarehe thelathini, Mwinkeu alisimama jukwaani
mpana kama mlango wa benki.
Watu walipiga kelele mpaka popo wakatoka darini.
Hakuna aliyeona.
Mimi niliona mshono mmoja, chini ya kwapa,
ukivuta.

Asubuhi yake, redioni, Kaumba:
"Mmeliona lile koti? Mzee amevaa godoro!"
Muuza mkate alicheka hadi akasahau kunirudishia chenji.

Na Jumanne, Mwinkeu mwenyewe,
akinisimulia, alicheka akashika ukuta,
akakohoa, akacheka tena.
"Mshenzi yule," akasema, akijifuta macho.
"Bado ananiogopa."

Nikachukua futi. Akainua mikono.
Sabini na moja.
Sikuandika.